Fundi wa Mashapo

Singida tunajua kukamua. Alizeti ikiingia mashineni, mafuta huenda sokoni na mashudu huachiwa mifugo. Kwenye meza ya maabara mambo ni kinyume chake: maji safi humwagwa, na mashapo yaliyotulia chini ndiyo mali. Nawasifu watu wanaojua kuyasoma mashapo hayo, maana sifa zao hazitajwi mara kwa mara.

Tuseme mama kaja mjini na binti yake wa miaka minane kutoka Mkalama. Viungo vinamuuma, nywele zinakatika, upele umetanda kutoka shavu hadi shavu kupitia puani. Keshatibiwa malaria mara mbili. Daktari anashuku lupasi, maradhi yanayoifanya kinga ya mwili igeuke na kuupiga mwili wenyewe. Kwa watoto, karibu nusu yao au zaidi figo huguswa, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Na figo hazina kelele. Mtoto anaweza kuwa anacheza rede huku chujio zake zinavuja. Ndiyo maana binti anapewa kikopo cha mkojo.

Swali la kwanza la fundi wa maabara ni fupi: “Huu umetoka saa ngapi?” Mkojo ukikaa, chembe za damu hupasuka na ushahidi huyeyuka. Anautaka ule wa kwanza wa alfajiri, na autazame ndani ya saa moja au mbili.

Huanza na kijiti cha kupimia. Hukichovya, hukigusisha ukingoni mwa kikopo kuondoa matone, kisha huikodolea macho saa ya ukutani: sekunde 60, si 20 wala dakika tatu. Kisanduku cha protini hutoka njano kwenda kijani. Mwaka 1827 Richard Bright wa Hospitali ya Guy's, London, aliandika juu ya wagonjwa wa figo ambao mkojo wao uliganda ulipochemshwa. Kijiko na mshumaa vilitosha. Kijiti ni mjukuu wa kijiko hicho, na kina udhaifu wake: mkojo mzito wa mtoto aliyeshinda bila maji wakati wa kiangazi hukidanganya. Kwa hiyo, penye uwezo, hupimwa uwiano wa protini na kreatinini, taka ya mwili inayotolewa na figo. Ukifika gramu 0.5 kwa gramu moja na usishuke, madaktari huanza kuzungumzia kunyofoa kipande kidogo cha figo kwa sindano, na hapo safari ya rufaa ya Dodoma au Dar es Salaam inanukia.

Lakini utamu wa kazi uko kwenye hadubini. Mkojo huzungushwa mashineni kama dakika tano. Fundi huumwaga kwa mkupuo mmoja, hugonga kitako cha neli kwa kidole, hudondosha tone moja kwenye kioo na kulifunika pasipo povu. Mgeni angeongeza mwanga ili aone vizuri. Fundi huupunguza. Anachokitafuta kinakaribia kuwa kama maji, na mwanga mkali hukifuta. Huanzia pembezoni mwa kifuniko, kwa kuwa ndiko vinakojikusanya: vijiti vifupi vilivyochukua umbo la mirija ya figo, mfano wa uji ulioganda ndani ya bomba, na ndani yake chembe nyekundu zimesongamana, rangi ya kutu. Akikiona kimoja tu, anajua damu imetoka kwenye figo kwenyewe, si kwenye kibofu.

Nchini kwetu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kuna kichocho. Nacho hutia damu kwenye mkojo, ila chembe zake kwa kawaida ni nzima, na yai lake lina mwiba mkiani. Hata saa zao hazilingani: mayai ya kichocho hutafutwa saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, mkojo wa lupasi ni wa alfajiri. Fundi anayeyajua haya mawili namthamini kuliko mashine mpya yenye kioo cha kugusa.

Baada ya hapo ni daftari. Kila kliniki: protini, damu, shinikizo la damu, urefu. Mkanda wa shinikizo uwe wa mkono wa mtoto. Ukiwa mdogo mno, namba hupanda bure. Urefu nao si pambo. Kreatinini ya damu ya maikromoli 80 kwa lita kwa mtu mzima haimshtui mtu. Kwa binti wetu mwenye sentimita 120, zidisha 36.5 kwa 120, gawanya kwa 80: unapata kasi ya kuchuja ya kama 55, wakati figo nzima hufika 90 na kuendelea. Namba ileile, habari nyingine kabisa. Kwenye safu hizo ndimo daktari huamua prednisoloni ipunguzwe au iongezwe dawa nyingine, na safu moja iliyorukwa humwacha akibahatisha.

Mzazi, ukiambiwa ulete mkojo wa alfajiri, usilete wa njiani. Andika saa kwenye kikopo, na mtoto akionekana mzima, mlete vilevile.