Bidhaa Isiyo na Jina: Istilahi za Vyombo vya Elektroniki vya Ndege

Msafiri atokaye Moshi kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 katika tambarare za Sanya, huuona mlima upande wake wa kulia. Uwanja uko kiasi cha mita 894 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Kwa rubani arukaye baina ya viwili hivyo, swali la "tuko juu kiasi gani?" lina majibu mawili: kimo juu ya bahari, na kimo juu ya ardhi iliyo chini yake wakati ule. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili cha magazeti na hotuba, kinapozungumzia vyombo vya elektroniki vya ndege, hakitofautishi majibu hayo wala vyombo vyenyewe, na kwamba upungufu huo una gharama.

Neno tunalolilaumu kwanza ni "mitambo ya kuongozea ndege". Kwa jina hilo huitwa rada iliyoko ardhini, mawimbi yanayomwelekeza rubani katika njia ya kutua, vioo vilivyo mbele yake, kompyuta ipangayo safari, na hata chombo kinachoshika usukani kwa niaba yake. Vitu hivi haviuzwi katika soko moja. Vyombo vya chumba cha rubani aghalabu huuzwa na kampuni chache kubwa, kama vile Honeywell, Collins na Garmin za Marekani, na Thales ya Ufaransa. Anunuaye ndege hununua navyo: Airbus A220 zilizoanza kufika Air Tanzania mwezi Desemba 2018 zilikuja na vioo na kompyuta za Collins, na mnunuzi wa ndege hizo hana nafasi ya kuagiza za mwingine. Vipuri, marekebisho ya programu na vitabu vya mafundi hufuata mkondo huo huo. Basi auzaye chombo huuza na jina lake.

Wako watakaotujibu kwamba rubani na mwongoza ndege huzungumza kwa Kiingereza, na kwamba Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka kanuni za kuwapima lugha hiyo tangu mwaka 2008. Istilahi za Kiswahili ni za nani, basi? Jibu letu ni kwamba rubani siye alipaye. Alipaye ni mwananchi, na Bunge linalohoji matumizi ya fedha zake hujadili kwa Kiswahili. Mnunuzi asiyeweza kukitaja akitakacho huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mfano tunao. Mwaka 2001 Serikali ilikubali kununua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga waliona kuwa chombo kile kilikuwa ghali mno, na kwamba kilikuwa cha kijeshi kwa sehemu kubwa. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vema hesabu za biashara ile, na ikakubali kulipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizotumika kununulia vitabu na madawati ya shule. Wananchi waliziita "chenji ya rada". Msomaji aangalie: katika mjadala wote ule, neno lililoota mizizi katika Kiswahili lilikuwa la chenji. Bidhaa yenyewe ilibaki "rada" tu, kana kwamba rada ni za aina moja.

Nazo si za aina moja. Iko rada inayorusha mawimbi na kungoja yarudi yakiisha kugonga kitu angani. Huiona hata ndege isiyotaka kuonekana, ndiyo maana majeshi huithamini. Tunapendekeza iitwe "rada ya mwangwi". Iko nyingine inayoiuliza ndege, na chombo kilicho ndani ya ndege kikajibu kwa kutaja namba yake na kimo chake. Hiyo tungeiita "rada ya maulizo", na chombo kijibucho "kiitikizi", kwa mfano wa waitikiaji katika ngoma. Pasipo kiitikizi katika ndege, rada ya maulizo haipati jibu. Mwaka 2019 rada mpya ya Kilimanjaro, iliyotengenezwa na Thales, ilizinduliwa. Habari zake zilisifu "mtambo wa kisasa". Kisasa ni sifa ipendwayo na muuzaji; haisemi chombo kinafanya nini.

Turudi kwenye kimo. Chombo kinachopima kanieneo ya hewa na kutaja kimo juu ya bahari kinafaa kuitwa "kipimakimo". Kile kinachorusha mawimbi chini na kupima umbali hadi ardhini tunapendekeza kiitwe "bildi ya redio". Bildi ni timazi ambayo mabaharia wetu waliishusha majini kupima kina. Watakaosema neno hilo limechakaa wakumbuke kwamba "rubani" naye alikuwa mwongoza jahazi kabla ya kupanda angani. Amekwenda huko bila bildi yake, nasi twaona yafaa arudishiwe.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya Dakota ya East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga miteremko ya Mawenzi, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Hatusemi kwamba istilahi ingeliwaokoa. Twasema kwamba ajali za namna hiyo ndizo zilizozaa "king'ora cha ardhi", ambacho mhandisi Don Bateman alikiendeleza kwa miaka mingi. King'ora cha kwanza kilitegemea bildi ya redio, nacho kilijua ardhi iliyo chini tu. Cha miaka ya 1990 kiliongezewa ramani ya milima, kikaweza kuonya juu ya ardhi iliyo mbele. Kwa ndege ielekeayo mlima wa ghafla kama Mawenzi, tofauti ya viwili hivyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei zake.

Tunaliomba Baraza likusanye majina ambayo mafundi na waongoza ndege wa Kilimanjaro huyatumia wao kwa wao, liyalinganishe na haya tuliyoyapendekeza, na kuyasanifu yafaayo kabla ya zabuni nyingine kutangazwa. Mapendekezo yetu yakikataliwa kwa kuwa mafundi wanayo bora zaidi, hatutakuwa na kinyongo.