Siri Iliyojulikana na Wengi

Wengine wetu tuna majirani walio wa dini ya Wamormoni. Wana hekalu lao Kinshasa tangu mwaka 2019, na vijana wao wenye mashati meupe na tai huonekana pia katika njia za Lubumbashi. Ni watu wapole, hawanywi pombe, wanatunza jamaa zao. Hatuandiki ili kuwacheka. Twataka kupima jambo moja la uongozi wao, lililotokea Marekani.

Katika mji mdogo wa Bisbee, jimbo la Arizona, yapata mwaka 2010, baba mmoja alimwungamia askofu wake kwamba anamnajisi binti yake mdogo. Hapa tueleze: kwa Wamormoni askofu si mtu aliyesomea upadri. Ni baba wa jamaa mwenye kazi yake ya kila siku, naye huongoza kusanyiko kwa miaka michache bila mshahara. Afanana na katekista wa kijiji kuliko na Askofu wetu. Mtu wa namna hiyo, akisikia neno zito vile, afanyeje? Wakubwa wake walikuwa wamekwisha kumwekea namba ya simu tangu mwaka 1995. Akapiga. Habari nzito za simu ile hupelekwa kwa mawakili wa Kanisa lao katika Salt Lake City. Akaambiwa asiwapashe polisi habari, kwa sababu ya siri ya kiongozi wa dini.

Baba yule aliendelea miaka 7. Binti wa pili alizaliwa, naye akaharibiwa angali mchanga. Mwaka 2013 walimtenga na Kanisa. Polisi hawakuambiwa neno. Alikamatwa mwaka 2017 kwa sababu video aliyoipiga mwenyewe ilionekana New Zealand. Alijiua kifungoni kabla ya kuhukumiwa.

Habari hizo zilifunuliwa na shirika la Associated Press mwaka 2022. Wakubwa wa Wamormoni walijibu kwamba simu ile ni ya kuwasaidia maaskofu kufuata sheria na kuwalinda watoto. Mwaka 2023 tribinali kuu ya Arizona ilikubali kwamba Kanisa lina haki ya kutosema yaliyoungamwa. Basi, katika neno hilo, walishinda.

Lakini siri ile ilikuwa siri gani? Askofu alimwita mke wa mtu yule, naye akasikia. Askofu wa pili alijua. Baraza lililomtenga lilijua. Sheria ya Arizona ilimruhusu askofu kunyamaza, haikumlazimisha. Kumbe wakubwa wengi walijua, ila wale tu wenye uwezo wa kumtoa mtoto katika nyumba ile hawakujua. Hapo hatuoni muhuri wa maungamo. Twaona hofu ya Kanisa kushtakiwa.

Msomaji atasema: muhuri wenu ninyi Wakatoliki si mgumu zaidi? Ndiyo. Padri hawezi kumtaja mwungamaji kwa polisi, wala kwa wakili, wala kwa Askofu wake. Aweza kumsihi ajipeleke mwenyewe, basi. Ugumu huo twaubeba, wala hatutaki kuuficha kwa maneno matamu.

Tena Michael Rezendes, mwandishi aliyefunua mambo ya Bisbee, alikuwa kati ya wale waliofunua mambo ya jimbo letu Katoliki la Boston mwaka 2002. Kule mapadri waliojulikana kuwa waharibifu walihamishwa parokia hata parokia. Habari zao hazikuwa chini ya muhuri wowote. Zilikuwa katika makabati ya ofisi ya Askofu. Kwa hiyo tukiwanyoshea Wamormoni kidole, tukinyoshe polepole.

Mwaka 2019 Papa Fransisko aliamuru mapadri na watawa wote wapeleke kwa mkubwa wa Eklezya habari za uharibifu unaofanywa na watu wa Eklezya. Kuhusu serikali, amri ile yaacha kila nchi na sheria zake. Ni amri njema. Lakini mtoto mara nyingi hamwambii padri. Humwambia yule amfundishaye sala, chini ya mwembe, wenzake wakiisha kwenda. Sisi makatekista hatuungamishi. Tulichosikia pale hakina muhuri. Tulisoma orodha ya wanaolazimishwa na amri ile, tukitafuta neno katekista. Hatukulikuta.