Utata wa "Uchungu" katika Matini ya Mashine

Mnamo mwaka wa 1966, Joseph Weizenbaum alichapisha maelezo ya Eliza, programu iliyoiga tabibu wa nafsi kwa kumrejeshea mgonjwa maneno yake mwenyewe. Maana ilitiwa na msomaji. Mwaka wa 2023, shirika la Jacaranda Health nchini Kenya lilitoa UlizaLlama, modeli kubwa ya lugha iliyofunzwa Kiswahili ili kusaidia kujibu maswali ya akina mama wajawazito. Suala la kihakiki ni lile lile: ni nani anayeitia matini maana?

Mathalani, mja mzito wa Machakos, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikamba, akiandika "nina uchungu", huenda akakusudia utungu wa kuzaa, maumivu mengineyo au majonzi ya kufiwa. Modeli hukisia kwa kufuata maneno yaliyozoea kuandamana katika matini ilizofunzwa. Haioni uso wala haisikii sauti. Katika ushairi, utata huo ni utajiri. Katika tiba, ni hatari. Jina "Uliza" humwalika mama aulize. Uhakiki nao unadai kwamba, kabla ya kujibu, mashine imuulize: uchungu gani? Isipouliza, sharti awepo binadamu wa kuuliza.