Bomba Lililokatwa Mkia

Juu ya daraja la Kilifi, mwezi wa Julai, mwendesha baiskeli haambiwi kwamba upepo wa kusi umeingia. Akitokea Mnarani kwenda mjini, bahari iko kuliani kwake, na baiskeli husukumwa kushoto kabla mikono haijajua. Fremu ya mashindano yafaa isomwe hapo, juu ya maji, mahali ambapo kila bomba linajibu.

Niliyoisoma mimi ilikuwa kwa fundi mmoja mjini, imeletwa kubadilishwa cheni: baiskeli ya triathlon, ya kaboni, nyepesi hata uiinue kwa mkono mmoja. Pembeni yake iliegemezwa black mamba, baiskeli ya chuma ya muuza mnazi, jerikeni mbili zikining'inia kwenye keria. Nikapitisha vidole kwenye bomba la chini la kila moja.

La black mamba ni mviringo mtupu. Hewa ikilifikia hugawanyika, lakini haiwezi kuufuata mgongo wake hadi nyuma. Huachana na chuma njiani, na mvurugo unaobaki nyuma ndio unaoivuta baiskeli. Bomba la umbo la tone la maji, lenye unene uleule, laweza kuupunguza ukinzani huo hata mara kumi. Hata hivyo sioni kosa katika bomba la muuza mnazi. Mviringo hupokea mzigo na mashimo ya barabara kutoka kila upande, na likivunjika, fundi yeyote kutoka Takaungu hadi Malindi atalichomelea.

La kaboni ndilo lililonishika. Linaanza kama tone: paji la duara, kisha mbavu zinazopungua taratibu. Kidole kinangoja mkia uchongoke, nao hauchongoki. Umekatwa ghafla, bapa, upana wa vidole viwili. Mbavu zilikuwa safi. Kwenye bapa lile vumbi lilikuwa limeganda. Vumbi hilo lilinieleza mengi. Hewa iliyokwisha kuelekezwa na mbavu huendelea na safari yake kana kwamba mkia ungalipo, na katika nafasi ndogo iliyoachwa nyuma, hewa kidogo huzunguka papo hapo na kutua ilichobeba. Ukataji huu ulitoka kwenye magari: Mjerumani Wunibald Kamm aliufanyia kazi miaka ya 1930, na baadaye Trek wakaupa nafasi kubwa katika baiskeli yao ya Speed Concept.

Kwa nini ukatwe, ikiwa tone kamili ndilo linalopita hewani kwa urahisi zaidi? Nahodha wa mashua angejibu upesi. Upepo anaoupata chomboni si ule unaovuma ufukweni, maana mwendo wake mwenyewe umo ndani yake. Mwendesha baiskeli akienda kilomita 40 kwa saa, na upepo wa kilomita 15 ukimpiga ubavuni, hewa humjia kwa pembe ya digrii 20 hivi kutoka mbele. Kwa pembe hiyo, bomba jembamba lenye mkia mrefu huachwa na hewa upande wa demani, na upande wa joshi hugeuka tanga lisilo na mtu wa kulilegeza. Mkia mfupi hupoteza kidogo upepo ukiwa wa mbele, lakini hauyumbi sana ukija wa ubavu.

Sheria nazo zimo katika umbo hili. UCI, shirikisho la baiskeli duniani, lina arudhi yake: tangu mwaka 2000 fremu lazima iwe pembetatu mbili, na kwa miaka mingi kina cha bomba hakikuruhusiwa kuzidi mara tatu ya upana wake. Triathlon ya masafa marefu haifungwi na arudhi hiyo. Miaka ya 1990 Softride walitoa fremu isiyo na bomba la siti kabisa, siti imekaa juu ya boriti moja. Naupenda ujasiri huo kama ninavyolipenda shairi huru lililotungwa na mtu anayezijua mizani. Ila uhuru wa kurefusha bomba upendavyo haumlazimishi mtu alirefushe.

Nakiri kwamba sehemu kubwa ya ukinzani, kama robo tatu, ni mwili wa mwendeshaji. Anayekaa wima kama yuko barazani hataokolewa na bomba lolote. Lakini mwili hujifunza kuinama, na fremu ikishanunuliwa haibadiliki.

Kona, kule Hawaii, wanakofanyia mashindano makubwa ya triathlon ya Ironman, gurudumu la nyuma lililozibwa kama sahani lilipigwa marufuku kwa miaka mingi kwa sababu ya upepo wa ubavuni. Barabara yetu ya kutoka Kilifi kupitia Gede hadi Malindi ina upepo wa namna hiyo kwa miezi mingi. Kwa barabara hii nachagua bomba la kina cha wastani, mkia umekatwa, na gurudumu la mbele lenye rimu fupi. Na wewe unayetaka kununua, usikubali kulipa kabla hujaipitisha darajani saa tisa alasiri.