Mkorogo wa Fani: Ngozi, Sauti na Uhuishaji katika Filamu za Ng'endo Mukii

Utangulizi

Uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika riwaya, tamthilia na ushairi, na baadaye katika fasihi simulizi. Filamu imetajwa pembeni tu. Filamu ya uhuishaji, yaani ile inayotokana na michoro, vikaragosi au picha zinazopangwa moja baada ya nyingine hadi zikaonekana kutembea, haijatajwa sana hata huko pembeni, kwa kuwa imechukuliwa kuwa burudani ya watoto. Inapojadiliwa, aghalabu mhakiki huiuliza swali moja tu: ina funzo gani?

Makala haya yanachunguza kazi za Ng'endo Mukii, mwelekezi wa filamu za uhuishaji kutoka Nairobi, kwa kuzingatia zaidi Yellow Fever ya mwaka 2012. Filamu hiyo kwa kawaida husomwa kama onyo dhidi ya wanawake wanaojichubua ngozi. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo unaacha jambo la msingi. Hoja ya Mukii haimo katika onyo bali katika fani, na fani hiyo yenyewe ni mkorogo: mchanganyiko wa picha halisi, michoro na sauti zilizorekodiwa. Tofauti kati ya mkorogo wa dukani na mkorogo wa msanii ndiyo inayobeba dhamira ya filamu.

Msanii na Mazingira Yake

Nairobi ina historia ndefu ya mjadala kuhusu nani anayestahili kuwa kitovu cha masomo ya sanaa. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu kilichomo katikati ya jiji, ili fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe mbele. Uhuishaji wa Kenya ulipochipuka katika karne ya ishirini na moja, ulirudi kwenye hazina hiyo hiyo ya masimulizi. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, ulioanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ulichorwa na vijana wa Homeboyz jijini Nairobi kwa mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Edward Said Tingatinga huko Dar es Salaam. Kwame Nyong'o, katika The Legend of Ngong Hills, alihuisha ngano ya Kimaasai kuhusu zimwi na asili ya vilima vinavyoonekana upande wa magharibi wa jiji. Andrew Kaggia alichukua njia ya kejeli. Katika Wageuzi: Battle 2012, wanasiasa wanaogombea urais wanageuka kuwa mitambo na kushindana mbio katika barabara za Nairobi.

Mukii anatofautiana na wenzake hawa. Alisomea Rhode Island School of Design nchini Marekani, kisha Royal College of Art jijini London, na Yellow Fever ndiyo kazi aliyohitimu nayo chuoni humo. Mwaka 2013 filamu hiyo ilipata tuzo ya Silver Hugo katika tamasha la kimataifa la filamu la Chicago. Badala ya kuanza na ngano au siasa za vyama, aliuanza na mwili: ngozi, nywele, na maneno wanayoambiana wanawake wa familia moja.

Mkorogo kama Dhamira

Neno "mkorogo" linatokana na kitenzi "koroga". Kwa matumizi ya Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa krimu na kemikali, zikiwemo haidrokwinoni na zebaki, unaopakwa ili ngozi ing'ae. Katika Yellow Fever neno hili la Kiswahili linajitokeza ndani ya usimulizi wa Kiingereza. Msimulizi anamkumbuka msusi aliyekuwa akimsuka nywele utotoni, ambaye ngozi yake ilikuwa imechubuliwa. Kutokana na kumbukumbu hiyo filamu inapanuka na kuwahusisha mama wa msanii na mtoto wa kike wa familia yake, ambaye anasema bila kusita kwamba angependa kuwa mweupe.

Dhamira hii si ngeni katika sanaa ya Afrika. Okot p'Bitek, katika Song of Lawino (1966), kazi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino, alimfanya Lawino amcheke Klementina kwa poda na midomo iliyopakwa rangi. Mwaka 1976 Fela Kuti aliimba wimbo wenye jina lile lile la filamu ya Mukii, akiwakemea wanawake wanaojichubua. Kazi zote mbili zina nguvu na ucheshi, lakini zinafanana kwa jambo moja: aliyejichubua anatazamwa kutoka nje, naye ni wa kuchekwa au kukaripiwa. Sauti ya kike ya Lawino yenyewe imetungwa na mwanamume.

Mukii analichukua jina la karipio na kuligeuza mwelekeo. Msimulizi wake hajitengi na ugonjwa anaoutaja. Dharau aliyokuwa nayo mtoto kwa msusi wake inahojiwa polepole, mpaka inadhihirika kwamba mtoto na msusi wamelelewa na taswira zile zile. Frantz Fanon alionyesha tangu mwaka 1952 jinsi mkoloniwa anavyojiona kwa macho ya mkoloni. Yellow Fever inaonyesha jinsi macho hayo yanavyorithishwa nyumbani, kwa upendo, kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, bila mkoloni kuwapo chumbani. Kwa hiyo swali linahama kutoka "kwa nini mwanamke yule anajichubua?" hadi "macho haya tumeyapata wapi?"

Mkorogo kama Fani

Filamu hii ya dakika chache inachanganya picha za kamera za wanawake wanaocheza dansi, michoro inayotembea, na sauti za mahojiano halisi. Mtazamaji anahamishwa kutoka ngozi halisi hadi ngozi iliyochorwa, kisha anarudishwa. Mishono ya mchanganyiko huo haikufichwa. Hapa ndipo unapoonekana uhusiano wa kinyume kati ya fani na maudhui. Mkorogo unaopakwa usoni unakusudiwa usijulikane. Anayeutumia anataka rangi mpya ionekane kuwa ya kuzaliwa nayo, na aibu humpata pale mchanganyiko unapojitoa wenyewe, rangi mbili zinapokutana kwenye mwili mmoja. Mkorogo wa filamu, kwa upande wake, unataka viungo vyake vionekane. Kila mara kamera inapoiachia kalamu nafasi, mtazamaji anakumbushwa kwamba anachokitazama kimetengenezwa, na kwamba "uzuri" anaouona kwenye runinga na mabango pia umetengenezwa.

Matumizi ya sauti yanaiimarisha hoja hii. Sauti ya mtoto ni ya kweli, ila mwili wake umechorwa. Laiti mtoto huyo angeonyeshwa kwa kamera akitamka matamanio yake, angekuwa kielelezo cha kuhurumiwa. Mchoro unamkinga. Mtazamaji analazimika kuyasikiliza maneno bila kupata uso wa kuutolea hukumu.

Ngozi Iliyojazwa na Ngozi Iliyohuishwa

Mukii mwenyewe ameieleza nadharia iliyo nyuma ya uteuzi huu katika mihadhara yake ya hadharani. Analinganisha filamu za kiethnografia na kazi ya kumchuna mnyama aliyekufa, kuijaza ngozi yake na kuisimamisha kama kwamba mnyama yu hai. Sitiari hii ina historia katika nadharia ya filamu. Fatimah Tobing Rony aliitumia mwaka 1996 katika The Third Eye alipoichambua Nanook of the North (1922) ya Robert Flaherty. Watu walioonyeshwa mle walitakiwa wafanane na picha ya kale iliyokwisha kuwamo akilini mwa mtazamaji, na kadiri walivyosawiriwa kwa uaminifu huo wa bandia ndivyo walivyozidi kugandishwa.

Sitiari hiyo inaeleweka kwa urahisi Nairobi. Anayetoka katikati ya jiji kuelekea Westlands hupita chini ya kilima cha Makumbusho ya Taifa. Humo imehifadhiwa mifupa ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974. Uani imesimama sanamu yake ya faibaglasi yenye ukubwa wa ndovu kamili. Sanamu hiyo haina kosa la umbo. Ilichokosa ni mwendo, na pamoja na mwendo, uwezo wa kumgeuzia mtazamaji mgongo.

Kiswahili kinatoa mchango wake katika mjadala huu. "Uhuishaji" ni kutia uhai, na neno hilo linabeba dai zito kuliko "katuni": aliyechorwa anapaswa kurudishiwa uhai alionyang'anywa na picha zilizotangulia. Kwa kigezo hicho mwendo peke yake hautoshi. Kikaragosi kinaweza kuruka na kucheka, kikabaki kimejazwa nyasi.

Kigezo hicho kinafichua pia udhaifu wa Yellow Fever. Msusi, ambaye ndiye chanzo cha kumbukumbu, hana sauti yake. Mama anasema, mtoto anasema, msimulizi anasema. Msusi anakumbukwa tu. Jambo hili si dogo katika jiji ambalo Lavington na Kawangware zinapakana, na ambako mikono inayosuka na kichwa kinachosukwa aghalabu hulala pande mbili za mpaka huo. Ujumi wa ngozi haujitengi na tabaka. Anayeuza sura yake kazini, kwenye saluni za katikati ya jiji au za Kenyatta Market, ana hesabu tofauti na ya mteja wake. Filamu imemwondolea msusi kejeli ya Fela, lakini haijamtoa kabisa katika kabati la maonyesho.

Mlipaji na Mtazamaji

Kazi zilizofuata zinaonyesha msanii akilisumbukia swali hili katika mazingira ya uzalishaji yasiyo rahisi. This Migrant Business (2015) inaitazama safari ya wahamaji kutoka Pembe ya Afrika kama biashara yenye wauzaji, madalali na bidhaa, na bidhaa yenyewe ni binadamu. Nairobi Berries (2017) ni filamu ya uhalisia pepe, inayotazamwa kwa miwani maalumu inayomzungusha mtazamaji ndani ya picha. Ni shairi la picha kuhusu jiji, ambamo wanawake wawili na mwanamume mmoja wanavutana kwa ajili ya matunda ya ndotoni. Nairobi haielezwi hapa kwa takwimu wala kwa mitaa ya mabanda, kama ilivyozoeleka. Inahisiwa.

Mwaka 2023 Mukii alielekeza "Enkai", mojawapo ya filamu fupi kumi za Kizazi Moto: Generation Fire, zilizotolewa na Disney+. Mhusika mkuu ni mtoto mwenye uwezo wa kiungu, ambaye mama yake ni muumbaji anayelemewa na dunia inayoharibiwa na tamaa ya binadamu. Uteuzi wa jina una maana. Katika Kimaasai, "Enkai" ni Mungu, na pia mvua na mbingu, na kiambishi "en-" ni cha jinsia ya kike. Maana hiyo hupotea neno linapofasiriwa kwa lugha ambazo Mungu wake huitwa "baba". Mukii hakumbuni mungu wa kike ili kuufurahisha wakati. Anakirudisha kilichokuwamo katika sarufi. Uhusiano wa mama na binti uliobeba maradhi katika Yellow Fever sasa unabeba uumbaji.

Hata hivyo, filamu hiyo, iliyomo katika mkusanyiko wenye jina la Kiswahili, ilitolewa kupitia huduma ambayo wakati huo haikuwa imefunguliwa rasmi nchini Kenya. Lugha inayotawala katika Yellow Fever nayo ni Kiingereza. Mjadala wa mwaka 1968 uliuliza nini kisomwe na kianzie wapi. Kazi za Mukii zinauongezea swali la mtazamaji: filamu inayokataa macho ya kigeni inafanyaje kazi pale macho ya kwanza kuiona ni ya ughaibuni? Msusi aliyemo ndani yake ataiona wapi, na kwa lugha gani? Lawama haimwangukii msanii peke yake. Uhuishaji ni sanaa ghali, na aghalabu anayelipa ndiye anayechagua ukumbi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika filamu za Ng'endo Mukii fani si chombo cha kubebea ujumbe uliokuwapo kabla. Kuchanganya kamera, kalamu na sauti, na kuacha mishono ionekane, ndiko kunakotoa hoja dhidi ya sura moja ya uzuri. Mhakiki anayeitafuta Yellow Fever funzo la kuacha kujichubua atalipata, ila atakuwa amemrudia Fela na kumwacha Mukii. Imeonekana pia kwamba kigezo cha msanii mwenyewe, cha kutogandisha aliyesawiriwa, kinaweza kuigeukia kazi yake, hasa kuhusu msusi asiye na sauti.

Kwa uhakiki wa Kiswahili kuna kazi mbili za kufanya. Ya kwanza ni kujenga istilahi za kuchambua picha inayotembea kwa makini yale yale yanayotumika kwa vina na mizani. Ya pili ni kuzifikisha kazi hizi madarasani na kuzijadili kwa lugha ambayo msusi anaielewa. Neno "mkorogo" tayari liko katika lugha hiyo, na mjadala unaweza kuanzia hapo.