Kitabu cha Kumngojea Mdogo Wake

Kitabu chenyewe hakina jina la mwandishi wala la mchapishaji. Ni karatasi za manila zilizokunjwa katikati, zikatobolewa kwa sindano nene na kushonwa kwa uzi wa kushonea mikeka. Jalada ni kadibodi ya katoni, limevikwa kipande cha leso kuukuu. Kila ukurasa una picha moja, na chini ya picha hakuna neno hata moja. Aliyekitengeneza ni bibi mmoja wa Majengo, Mombasa, aliyefundisha chekechea kwa miaka mingi. Bintiye anatarajia mtoto wa pili. Msomaji ni mjukuu wake wa kike, mwenye miaka miwili na ushei, ambaye hajawahi kugawana mama na mtu.

Maneno hayamo kwa makusudi. Bibi anasema picha ikiandikiwa sentensi, mtu mzima ataisoma sentensi, na mtoto atasikiliza tu. Isipoandikiwa, hapana budi wote wawili waizungumze.

Ufundi wake unaanzia kwenye kuchagua picha. Vitabu vingi vya aina hii kutoka Ulaya na Marekani vinaonyesha mtoto mchanga akiwekwa kwenye chumba chake mwenyewe, kilichopakwa rangi mpya, ndani ya kitanda chenye vizuizi. Majengo si hivyo. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako watu hupika na kufua. Mara nyingi kila chumba kina wapangaji wake. Mzazi akirudi kutoka hospitali anakaa arubaini: anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, na majirani wanaingia na kutoka kumpa hongera. Hayo ndiyo yatakayomshtua mtoto wa miaka miwili. Mama yupo, lakini hambebi. Nyumba imejaa watu, na wote wanamwinamia mwingine. Chumba cha rangi mpya hakimwandai kwa lolote kati ya hayo, na ndiyo maana bibi alichora ukumbi wenyewe, na pazia la mlangoni lenye maua yale yale, na ndoo ya maji ya kukandia.

Ukurasa wa kwanza una picha iliyochapishwa studio: mjukuu mwenyewe alipokuwa mchanga, mapajani mwa mama. Kabla ya kuambiwa habari za mwingine, anaonyeshwa kwamba naye alipakatwa vivyo hivyo. Kisha mama na tumbo lake ndani ya dera. Kisha tuktuk mlangoni na begi. Halafu unakuja ukurasa ambao bibi aliuchora akaufuta, akauchora tena, mpaka karatasi ikakwaruzika: mjukuu amelala na bibi, mama hayupo. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na huo badala ya ule wa kichanga. Akanijibu kwamba jambo la kwanza kumuumiza mtoto ni usiku ule, si mdogo wake. Chandarua kwenye picha lazima kiwe kile kile cha kitandani mwake, na mto uwe ule ule, ili usiku huo ukifika awe ameshaulala mara nyingi kwenye karatasi.

Siku hazisemwi kwa miezi. Mtoto wa umri huo hana Machi wala Aprili, kwa hiyo bibi anampa kitu atakachokiona kwa macho. Mdogo wako atakuja, anamwambia, embe zikijaa Marikiti. Kila wakipita sokoni wanatazama pamoja kama zimeshajaa.

Lakini ni katika kusoma ndipo umahiri wake unapodhihirika. Anafungua kwenye kichanga anayelia, kisha ananyamaza. Ananyamaza muda mrefu kiasi kwamba mimi niliyeketi kando nilitamani kusema neno. Mtoto anatazama, anaweka kidole juu ya mdomo ulio wazi.

"Yualia," mtoto anasema.

"Yualia, mama. Ana nini?"

Kimya tena.

"Ana ndaa."

"Huenda ana ndaa. Au joto? Wewe waonaje?"

Hamwambii mtoto kwamba atampenda mdogo wake, wala hamwahidi rafiki wa kucheza naye. Ahadi hiyo hutolewa na wengi, na ni ya uongo, maana kichanga hachezi; ananyonya, analala, analia. Anachofanya bibi ni kumzoesha mtoto kujiuliza yule aliyefungwa kwenye leso anataka nini.

Yuko sahihi kuliko anavyojua. Mwaka 1982 watafiti wawili, Judy Dunn na Carol Kendrick, walichapisha kitabu kuhusu familia 40 za mji wa Cambridge, Uingereza, walizozitembelea kabla na baada ya mtoto wa pili kuzaliwa. Waliona kwamba pale ambapo mama alizungumza na mkubwa kuhusu kichanga kama mtu mwenye haja na hisia zake, uhusiano wa watoto hao ulikuwa mwema zaidi baadaye. Na kimya chake kina sababu pia. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba watoto wa miezi 21 hadi 35 walipiga hatua kubwa katika kuzungumza ndani ya mwezi mmoja tu, wazazi walipofundishwa kuuliza maswali na kumngoja mtoto ajibu, badala ya kusoma moja kwa moja.

Kuna kitabu kimoja cha mbali ambacho ningemwekea bibi huyu mezani bila wasiwasi. Ni *Peter's Chair* cha Ezra Jack Keats, cha mwaka 1967. Peter anaona vitu vyake vya utotoni vikipakwa rangi ya waridi kwa ajili ya dada yake mchanga. Anakichukua kiti chake kidogo kabla hakijapakwa, anatoka nacho nje pamoja na mbwa wake. Anapotaka kukikalia, hatoshi. Hakuna mtu mzima anayemhubiria kwamba amekua. Kiti ndicho kinachomwambia. Mwishowe anakipaka rangi yeye mwenyewe pamoja na baba. Keats hakuwa na mtoto, lakini alijua kwamba mtoto husadiki lile alilojigundulia mwenyewe.

Mikono ya bibi ilijifunza hapa hapa pwani. Mwaka 1986 mpango wa chekechea za Madrasa ulianza Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukiongozwa na mwalimu wa mji huu, Bi Swafiya Said, na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walichukuliwa miongoni mwa wanawake wa mitaa yenyewe, wakafundishwa kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyopo: vifuu, makombe ya baharini, maboksi, vitambaa. Kitabu kilichovikwa leso ni tunda la malezi hayo. Siku hizi pia zipo hadithi za picha za African Storybook, zinazotolewa bure kwa lugha nyingi pamoja na Kiswahili, na mtu anaruhusiwa kuzibadilisha na kuzichapisha. Ni msaada mkubwa kwa asiyejua kuchora.

Hata hivyo, dukani sijaona kitabu cha Kiswahili chenye ukumbi wa Majengo ndani yake, mzazi akiwa arubaini na mkubwa amesimama mlangoni. Wachoraji mpo Mombasa, na wachapishaji mko Nairobi na Dar es Salaam: tuchapishieni hicho, na msikiandike maneno mengi. Na wewe ambaye nyumbani kwako kuna tumbo na kuna mtoto wa miaka miwili, usingoje kichapishwe. Nunua manila, tafuta uzi, anza na picha yake mwenyewe alipokuwa mchanga, na ukurasa wa mwisho uache mtupu, auchore yeye mdogo wake akishafika.