Haya Kabla ya Mapenzi: Dickens Alivyomjenga Pip

Katika Great Expectations, Charles Dickens hatuonyeshi Pip akianza kumpenda Estella. Anatuonyesha Pip akianza kujionea haya, na mapenzi yote yanasimama juu ya haya hiyo.

Katika sura ya 8, mtoto anayelelewa na dada yake na shemeji yake mhunzi anapelekwa Satis House, nyumba ambayo saa zake zimesimama, akacheze karata na msichana wa rika lake. Estella anamdharau kwa jinsi anavyozitaja karata, kwa mikono yake iliyokakamaa, kwa viatu vyake vizito. Pip hakuwahi kuiona mikono hiyo kuwa kasoro. Tangu siku hiyo anajitazama kwa macho ya Estella, na ndiyo maana hambanduki: hukumu aliyopewa, anaamini aliyeitoa ndiye pekee awezaye kuifuta. Sura ya 17 Biddy anamuuliza kama anataka kuwa bwana ili amkomoe Estella au ampate. Pip hajui. Hakuna swali lililo kali kuliko hilo katika riwaya nzima, na limetoka kwa msichana ambaye Pip angeweza kumpenda kwa amani.

Mwandishi dhaifu angemfanya Estella kuwa laghai. Dickens anamfanya mkweli. Anamwonya Pip mara kwa mara kwamba hana moyo wa kupenda, na katika sura ya 38 anamweleza kuwa huwatega wanaume wote isipokuwa yeye. Naye msimulizi, ambaye ni Pip huyohuyo akiwa mtu mzima, anakiri kwamba alipenda huku akijua anajiumiza.

Kwa nini basi onyo halimwingii? Kwa sababu ya fedha. Pip anapata mfadhili asiyemjua, anadhani ni Miss Havisham, mwenye Satis House aliyemlea Estella, na kutokana na dhana hiyo anaamini Estella amewekewa yeye. Matumaini yake yana ushahidi, ila ushahidi wenyewe ni wa uongo. Riwaya ilitoka kila wiki katika jarida la All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, kwa hiyo wasomaji nao waliishi na dhana hiyo kwa miezi. Sura ya 39 inaivunja: mfadhili ni Magwitch, mfungwa aliyewahi kutoroka. Baadaye inabainika kuwa ndiye baba mzazi wa Estella.

Mwisho wa kwanza alioandika Dickens uliwakutanisha wawili hao kwa muda mfupi barabarani London, Estella akiwa ameolewa tena, kisha wakaachana. Rafiki yake Edward Bulwer-Lytton alimshauri aubadilishe, naye akaandika mwingine wenye matumaini. Mimi nasimama na ule wa kwanza. Humo Estella ameteseka kiasi cha kuuelewa moyo wa Pip, na kwa kisa kilichoanzia kwenye haya, kueleweka kunatosha. Ndoa ingekuwa zawadi ambayo hadithi haikuitayarisha. Ukiisoma riwaya hii, tafuta toleo lenye miisho yote miwili.